Mbwa wa Yadi ya Mbao

Pale pembeni, ukuta wa kinyozi unapokutana na ukuta wa duka la vyuma, kuna benchi lililopinda katikati kwa uzito wa wambea. Asubuhi hiyo hakuna aliyelikalia. Redio, kinyozi asiye na kitufe cha kuzimia, alikuwa amesimama juu yake kwa miguu miwili. Kamusi, mwalimu mstaafu, alisimama juu ya benchi ubavuni mwa Redio, kikombe amekiinua juu kama mtu anayevuka mto. Bi Birika, mwenye kahawa yake, alijikinga nyuma ya jiko na kifuniko cha sufuria mkononi. Mbele yao alikuwapo Cheche, fundi wa kuchomelea, jasho linamtiririka na meno yote nje kwa furaha. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na mbwa ambaye mgongo wake ulimfikia nyongani.

— Cheche, huyo ni mbwa au ndama? Redio aliuliza.

— Mbwa.

— Mmoja?

— Mmoja, Redio. Shuka.

— Sishuki ng'o! Wahenga walisema aliye juu mngojee chini. Basi na aningojee.

— Hawezi hata kukufukuza, kaka. Mtazame vizuri.

Wakamtazama. Kichwa kilikuwa kikubwa kama ndoo, lakini nyuma ya kichwa hicho hapakuwa na kitu ila mifupa iliyovikwa ngozi. Mbavu unazihesabu moja moja. Shingoni palikuwa na mduara mwekundu usio na nywele, upana wa vidole viwili.

— Nani kamnyonga hivyo? Bi Birika aliuliza, na kifuniko kikashuka kidogo.

Cheche alikuwa anangoja swali hilo tangu alipopiga kona. Maneno yalimtoka yakisukumana.

— Nimeitwa alfajiri kung'oa geti pale yadi ya mbao, ile iliyohama. Nazunguka nyuma ya lundo la unga wa mbao, nasikia mnyororo. Kumbe yumo! Wenyewe wamehamisha mbao, wamehamisha misumari, wamehamisha hata bango. Mbwa wamemwacha. Mnyororo mfupi hivi, akitaka kulala lazima ajinyonge. Namuuliza msimamizi, ananiambia, "Huyo hanihusu. Tingatinga linaingia saa nne." Saa nne, jamani! Nikachukua msumeno wa chuma.

— Ukamkata?

— Nikakata mnyororo, Redio! Nimepiga magoti mbele ya mdomo ule, msumeno uko chini ya koo lake, na yeye anatetemeka mwili mzima lakini hajanyanyua hata mdomo kunionyesha jino. Ulipokatika, alikaa palepale. Hakujua kama amefunguliwa. Ilibidi nimwambie.

Cheche alikuwa na miaka hamsini na kitu, mikono yake imejaa makovu ya moto, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho moyo ulimwenda mbio namna ile bila sababu ya hatari. Labda siku alipozaliwa mtoto wake wa kwanza.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Kamusi kwa heshima zote.

— Huyu ni mbwa, Mwalimu, na alikuwa mwenyeji.

— Ndiyo maana kamba ilikuwa shingoni.

Cheche alifungua gazeti alilolikwapua kwa mwenye bucha, akaweka maini mbele ya mbwa. Mbwa aliyanusa, akageuza uso. Kisha miguu yake ya mbele ikakunjika, akajimwaga chini kama gunia, kidevu vumbini. Ulimi ulikuwa umemtoka upande, mkavu kama soli.

Furaha ya Cheche ikapungua ghafla. Alichuchumaa.

— Kula basi. Kula, baba. Toka yadi hajatia kitu mdomoni.

— Hali kwa sababu amefundishwa, Redio alisema kutoka juu. Mbwa wa ulinzi hapokei chakula cha mgeni mpaka asikie neno la siri.

— Neno gani?

— Lingekuwa la siri kama ningelijua? Jaribu "mbao".

— Mbao, alisema Cheche. Mbwa hakufungua jicho. Msumari! Bawabu! Geti!

— Mnampigia kelele bure, Kamusi alisema, akashusha mguu mmoja kutoka benchini, akaurudisha. Hili ni suala la lugha. Mbwa wa umbo hili asili yake nchi za theluji. Hasikii lugha ya mitaani, anasikia sanifu. Mheshimiwa, tafadhali jongea mezani.

Mheshimiwa alipumua kwa shida.

— Nyie wanaume hamna macho! Bi Birika alitoka nyuma ya jiko kwa mara ya kwanza. Tazameni kucha hizo. Tazameni kifua. Bibi yake huyu alikuwa simba. Na simba humpi maini ya kwenye gazeti. Mmemtukana.

— Simba hana mkia wa namna hiyo.

— Nimesema bibi yake, sikusema yeye!

— Basi mimi nawaambia kweli yenyewe, Redio alisema, na benchi likalia chini yake kwa jinsi alivyochangamka. Huyu amegoma. Mbwa mwenye akili anagoma. Anasema hali mpaka wenye yadi warudi wamwombe radhi. Na mimi namuunga mkono!

— Umoja ni nguvu, Kamusi alikubali.

Hapo walicheka wote isipokuwa Cheche. Alikuwa ameweka kiganja kwenye mbavu za mbwa, na pumzi aliyoisikia ilikuwa fupi, halafu fupi zaidi.

— Na shemeji je? Bi Birika aliuliza polepole. Umemwambia?

Cheche aliinama zaidi juu ya mbwa. Nyumba ya fundi na mkewe ilikuwa vyumba viwili. Alishawahi kuleta njiwa mwenye bawa lililovunjika, akaleta paka mwenye jicho moja, na paka alipozaa kabatini, mke wake alitamka neno lake bila kupandisha sauti: "Siku ukileta kiumbe kingine humu, kitafutie pa kulala, na wewe ujitafutie." Tangu siku ile alipita karibu na paka wa mitaani akiangalia mbele kama askari kwenye gwaride.

— Haraka haraka haina baraka, Kamusi alimliwaza. Mwambie mwakani.

— Mwakani imefika, alisema Redio. Tazama nyuma yako.

Mke wa Cheche alikuwa anavuka barabara kutoka chumba chake cha kushonea, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, pini mbili zimebanwa kwenye kola. Kelele za benchi lile zilikuwa zimemfikia mpaka kwenye cherehani. Aliwasalimu, wakamwitikia kwa sauti za watoto wa shule. Cheche akasimama. Alikuwa ameandaa maneno njiani, mazuri, yenye tingatinga na mnyororo ndani yake, lakini yalipomfika kooni yalikuwa vipande.

— Mama watoto, wangemfukia. Saa nne. Nilikuwa na msumeno, na yeye...

Mke wake hakumtazama. Alimtazama mbwa: duara jekundu, mbavu, ulimi.

— Mara ya mwisho amekunywa maji saa ngapi?

Redio alimtazama Kamusi. Kamusi alitazama ndani ya kikombe chake. Bi Birika aligeuka kutazama ndoo yake, ya maji safi ya birika la pili, ambayo ilikuwa hatua tatu kutoka pua ya mbwa tangu walipoanza kubishana.

— Si alikuwa... Cheche alianza. Pale yadi kulikuwa na kopo tu. Lina kutu. Kavu.

— Leteni beseni.

Redio ndiye aliyeruka kutoka benchini, na Bi Birika akamimina mwenyewe. Mke wa fundi alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la kazini, akachovya vidole, akaupaka ulimi ule mkavu mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mbwa alifungua macho. Alijikokota mpaka kwenye beseni, akaanza kunywa, kwanza kwa woga, kisha kwa kelele, maji yakiwarukia wote. Beseni likaisha. La pili likaisha. Alipoinua kichwa, alitazama huku na huku, akayaona maini, akayameza pamoja na kipande cha gazeti.

— Amekula! Redio alipiga kelele mpaka dereva mmoja akasimamisha gari. Amekula, jamani! Kamusi alikuwa anamkumbatia Bi Birika, na Bi Birika hakumkataza.

— Kahawa ya pili hakuna, alisema Bi Birika akifuta macho kwa kanga. Maji yote yamo ndani yake.

Hakuna aliyelalamika. Cheche alikuwa bado amesimama, mikono haijui iende wapi, anamngoja mke wake aseme neno. Mkewe aliuvua utepe shingoni mwake.

— Mshike kichwa, alimwambia. Taratibu, usiguse kidonda.

Cheche akapiga magoti. Mkewe aliuzungusha utepe kwenye shingo ile kubwa, akasogeza jicho karibu, midomo ikinong'ona.

— Inchi ishirini na moja, alisema. Kidonda kikipona nitamshonea ukanda wa turubai, ndani nitie pamba. Naongeza tatu, za kunenepea.