Vipimo Alivyovisoma Dada Yetu

Ndugu waombolezaji, historia ya dada yetu, fundi cherehani mliyemzoea kwa jina la Mama Pindo, inasomwa na mdogo wake wa mwisho, mtayarishaji wa muziki, ingawa aliiomba familia kazi hii apewe mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1964, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akamaliza shule ya msingi mwaka 1978, akajifunza ushonaji kwa shangazi yetu, na mwaka 1985 akafungua chumba chake cha kazi nyuma ya duka la madaftari, chenye cherehani moja ya miguu, meza ya kukatia, na daftari la vipimo ambalo hakumfungulia mtu, kwani kiuno cha mteja, alisema, ni siri ya mteja. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi saa, wakajaliwa mabinti wawili, na mdogo wake huyu, waliyemlea baada ya wazazi wetu kufariki, akawa kama mtoto wao wa tatu.

Tarehe 3 Agosti 2009 mdogo wake alimpelekea kinasa sauti kipya, akamwambia anakijaribu tu, asome chochote, naye akafungua daftari lake, akasoma huku mguu ukikanyaga cherehani, bega kumi na sita, kiuno arobaini na nne, na huyu anataka gauni la kubana, tutabana wapi jamani, wakacheka wote wawili hadi machozi. Dada akamwomba aifute sauti hiyo. Mdogo wake akaitikia, kisha akaondoa ngoma na gitaa katika wimbo uliokuwa umemshinda, akabakiza mlio wa cherehani na sauti ya dada yake, na kufikia Oktoba kila redio na kila harusi ilipiga vipimo vya watu.

Wenye vipimo walijitambua. Walikuja kuchukua vitambaa vyao, hata vilivyokwisha kukatwa, wakamwita mmbea, na mdogo wake alipoulizwa redioni alijibu kwamba dada yake aliridhia, jambo ambalo ni uongo mtupu, aliousema kwa kuwa wimbo ulikuwa umempa jina na aliogopa usije ukaondolewa hewani. Dada aliyasikia, akazima redio, akampakulia chakula. Hakumkana mbele ya mtu yeyote, akashona sare za shule tu kwa miaka kumi na mitatu, na hilo ndilo linalomkondesha anayewasomea.

Aliugua figo kuanzia Februari 2023, akafariki wodini tarehe 18 Juni 2024, saa nne asubuhi, mabinti zake wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote hizi, mafundi wenzake waliofunga kazi leo, na ninyi wateja wake wa zamani mliokaa viti vya nyuma, ambao nawaomba mnisikilize, dada hakutoa siri ya yeyote kati yenu, niliiiba mimi. Nimelisema ukiwa hunisikii tena, dada, na naona haya. Pumzika kwa amani.