Kumtafutia Kamanda Manati la Kumshinda

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi, kwa hiyo kikisemwa cha kipuuzi nakisikia wa kwanza na kukikana nakuwa wa mwisho. Gundi, fundi viatu, hukaa na sanduku la misumari miguuni. Pembeni yake yuko Koki, fundi bomba, ambaye tangu nimjue sijawahi kumwona akiwa na mikono mikavu. Anafuata Wakili, ambaye si wakili hata kidogo. Alikwenda mahakamani siku tatu kusikiliza kesi ya jirani, akarudi na mdomo. Mimi niko mwisho, karibu na birika, maana kahawa ni yangu. Halafu kuna Mchoraji, ambaye huketi mbele yetu juu ya ndoo iliyopinduliwa, ubao wake magotini. Ndiye anayemchora Kamanda Manati, shujaa wa katuni wa gazeti la kila Jumamosi, na uwezo wote wa Kamanda Manati, wote kabisa, umetoka kwenye benchi hili. Hilo nalisema bila haya.

Asubuhi hiyo Mchoraji alifika bila hata salamu. Alitoa karatasi mfukoni akaisoma kama mtu anayesoma hukumu yake.

Mchoraji: Sikilizeni anachoandika mhariri. “Shujaa wako hashindwi na kitu. Akipitiwa na lori anakuwa bapa kama bahasha, anapuliza kidole gumba, anajaa tena. Wasomaji wameanza kuuruka ukurasa. Leo kabla ya saa sita nataka kisa ambacho Kamanda ameshindwa jambo moja. Ukikosa, ukurasa nampa mtabiri wa nyota.”

Gundi: Mtabiri wa nyota? Mimi wiki iliyopita aliniambia nitasafiri. Niko hapa.

Mchoraji: Miaka minane, Gundi. Sijui kazi nyingine. Na mpaka sasa sijachora hata mstari.

Nilimwonea huruma. Nikammiminia kikombe, nikamwambia atulie. Jambo moja tu la kumshinda mtu mmoja, tena mtu wa karatasi, na hapa kuna vichwa vinne vinavyofanya kazi.

Koki: Hilo dogo. Mtie kwenye tangi la chuma, kifuniko ukichomelee.

Wakili: Kwisha habari yake.

Koki: Kwisha vipi? Mimi nilimpa uwezo gani? Anapita kwenye bomba la nusu inchi. Anatokea kwenye koki ya jirani, anajikung'uta, anaomba taulo.

Mchoraji: Basi tangi halimshindi.

Koki: Haliwezi. Unadhani nilimpa uwezo wa kubahatisha?

Wakili: Na bomba likiziba?

Koki: Lizibwe na nini? Miaka ishirini niko chini ya masinki ya watu, ni lipi lililonishinda?

Wakili: Ndugu yangu, maji yakimwagika hayazoleki.

Koki: Aliyesema hivyo hakuwa na tambara. Mimi nayazoa kila siku.

Gundi akaweka nyundo chini. Gundi akiweka nyundo chini, ujue ana hoja.

Gundi: Jawabu liko hewani. Kamanda si hutembea hewani? Anapita ukingo wa mlima, anaendelea na safari, na haanguki mpaka atazame chini. Sasa mtu amwite kutoka chini. “We Kamanda!” Atazame.

Mchoraji akaitoa penseli sikioni.

Mchoraji: Anaanguka.

Gundi: Anaanguka.

Mchoraji: Anaumia.

Gundi: Aumie na viatu vyangu? Nilikwambia tangu mwaka wa kwanza, soli ile ni tairi la trekta, nimeishona mara mbili kwa mkono. Inagusa chini, inadunda, inamrudisha alikotoka. Mwenda pole hajikwai.

Mchoraji: Haendi pole, Gundi. Anaanguka kutoka mlimani.

Gundi: Anaanguka pole.

Penseli ikarudi sikioni. Hapo ndipo nilipouona ugonjwa wetu. Kila mmoja alikuwa radhi Kamanda ashindwe, ila asishindwe kwa kile alichompa yeye. Nikaamua kuwa mfano mwema.

Mimi: Acheni majivuno. Tumnyoe sharubu. Sharubu zikizunguka kama feni ndipo anaporuka, si ndiyo? Adui amvizie usingizini, amnyoe.

Mchoraji: Hapo sasa. Na zikinyolewa?

Mimi: Zinaota.

Mchoraji: Baada ya muda gani?

Nilitaka kusema mwezi. Wallahi nilitaka. Lakini mtu ana jina lake mtaani.

Mimi: Wembe ukiwa bado haujaoshwa.

Wakili alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini. Akajifuta, akakohoa kama mtu anayesubiriwa na jaji.

Wakili: Mnafikiri mambo madogo. Leteni jela. Jela chini ya bahari, kuta za mita kumi, hakuna dirisha.

Koki: Ana chaki.

Wakili: Ana chaki, na nani alimpa? Anachora mlango ukutani, anafungua, anapita. Ukuta ukishachorwa mlango, kisheria ni mlango.

Gundi: Anyang'anywe chaki.

Wakili: Atachora chaki.

Mchoraji: Ataichora na nini kama hana chaki?

Wakili: Kwa kidole. Mtaka cha mvunguni huinama.

Kila mtu akatafuta mahali methali hiyo ilipoingilia. Hapakuonekana.

Tukiwa bado tunapatafuta, akafika mama mmoja, kikapu cha sokoni mkono huu na kiatu mkono huu, soli imeachama mdomo. Gundi alikipokea, akamwambia, “Karibu mama, dakika mbili tu,” kisha akakigeuza kumwonyesha Mchoraji jinsi soli inavyodunda. Mama akabaki wima, mguu mtupu ameuweka juu ya ule wenye kiatu, akitusikiliza.

Koki: Tuzime jua.

Mchoraji: Jua?

Koki: Lizimike kabisa. Dunia giza, mabomba yote yamekuwa barafu. Hapo Kamanda atafanya nini?

Mimi: Sharubu zitazunguka mpaka zitoe cheche. Anazigusisha kwenye jua, linashika kama jiko la mkaa.

Gundi: Halafu analikanyaga lisitawanyike. Soli zile hazishiki moto.

Mchoraji: Tangu lini hazishiki moto?

Gundi: Tangu sasa hivi.

Wakili: Basi mfute.

Hata Gundi aligeuka.

Wakili: Ndiyo. Adui aje na kifutio, amfute Kamanda hapohapo kwenye karatasi. Miguu, tumbo, kichwa. Nani atambishia?

Mchoraji alikuwa ameufunika ubao kwa kiganja, bila kujijua. Nilimtazama nikaona kwamba yule mtu anampenda Kamanda wake kuliko anavyosema, na kwamba tulikuwa tukicheza na kitu chake.

Gundi: Hafutiki.

Wakili: Kwa nini?

Gundi: Kifutio ni mpira. Kamanda ni mpira. Hao ni ndugu, na damu nzito kuliko maji.

Koki: Kifutio kitamwamkia.

Wakili: Kitamwita kaka.

Mchoraji alisimama. Aliikunja barua ya mhariri mikunjo minne, taratibu, akaitia mfukoni.

Mchoraji: Nimekuja kuwaomba udhaifu mmoja. Kamanda sasa hivi ana nguvu kuliko alizoamka nazo. Anawasha jua, hachomeki, hafutiki. Saa tano hii. Naenda kumwambia mhariri amwite huyo mtu wa nyota.

Koki alikoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari. Mimi nilitikisa birika nikasikia masimbi ya kahawa tu, hata kikombe cha kumuagia hakikuwemo.

Mama: Samahani baba zangu.

Tukamgeukia. Nadhani wote tulikuwa tumemsahau, na Gundi alikuwa ameshika kiatu chake muda wote huo.

Mama: Hapa mtu akitaka kukaa, anafanyaje?

Gundi alimtazama Koki. Koki alimtazama Wakili. Wakili, mwenye jibu la jela ya chini ya bahari, alinitazama mimi. Mimi nikatazama birika. Niliona aibu, nakiri, na bado sikusogea.

Mchoraji alianza kucheka. Alicheka peke yake, akaisukuma ndoo yake kwa mguu mpaka kwa mama.

Mchoraji: Kaa, mama. Kaa hapo, na Mungu akuzidishie.

Akauegemeza ubao kwenye mlango wangu, akachora akiwa amesimama, haraka, bila kuinua mkono. Tukanyoosha shingo. Picha ya kwanza, Kamanda Manati anashuka kutoka angani, ameokoa mji mzima, ulimi nje kwa uchovu. Ya pili, ameona benchi, na kwenye benchi watu wanne na vikombe vyao. Ya tatu, anawasalimu, wanamwitikia vizuri sana, na wanaendelea na mazungumzo.

Koki: Si mtu wa nusu inchi huyu? Ajipenyeze.

Mchoraji: Kati yako na Gundi? Tazama hapo mwenyewe.

Koki akatazama. Hata maji yasingepita.

Wakili: Achore kiti kwa chaki. Anahitaji ukuta tu.

Mchoraji: Ukuta mmeuegemea.

Gundi: Adunde basi, atue juu ya...

Mchoraji: Juu ya nani?

Gundi akapiga msumari kwenye kiatu cha mama, na huo ulikuwa msumari wa kwanza tangu afike.

Picha ya nne ilikuwa kubwa kuliko zote. Kamanda Manati, mwenye sharubu za kuwasha jua, amesimama pembeni ya benchi, amekunja mikono, anabadilisha miguu. Mama aliiangalia kutoka kwenye ndoo akasema kwamba mtu huyo anamfahamu. Mchoraji akaandika tarehe chini, akaviringisha karatasi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini, na gazeti liko mitaa miwili tu kutoka hapa.

Gundi: Ngoja kwanza. Mbona umetuchora tumekaa tu? Hatuna utu? Ungetuchora tunasogea.

Mchoraji: Mngesogea, Gundi, ukurasa ungekuwa wa nyota.

Akaondoka anakimbia. Gundi alimtazama mpaka akakata kona, kisha akamgeukia Koki.

Gundi: Kwa hiyo Kamanda atabaki amesimama mpaka Jumamosi?

Koki: Asimame. Angewahi.