Mama Pasi na Nyimbo Zake za Kijerumani

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, mama yetu alipotutoka, chumbani walikuwepo mumewe, fundi mwashi mstaafu, mwanawe wa kwanza, dereva wa lori, pamoja na mkewe, binti yake muuguzi aliyekuja kutoka Ujerumani, jirani fundi simu, msimamizi wa zamani wa chumba cha kufulia, na mjukuu wa miaka saba, aliyeketi kitandani ameshika kidole gumba cha bibi yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa mshona viatu, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, na ingawa alifaulu kuendelea, mama yake alifariki mwezi ule ule wa matokeo, naye akafunga vitabu akawalea wadogo zake wanne, wote wakasoma, wote wako hapa leo, na hakuna aliyewahi kumsikia akisimanga.

Tarehe 2 Aprili 1984 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, akapiga pasi hadi alipostaafu Desemba 2021, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mama Pasi, na mgonjwa asiye na ndugu alirudishiwa nguo zake zimekunjwa vizuri, na kifungo kilichokatika kimeshonwa, asijue nani wa kumshukuru.

Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi mwashi, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1988 na wa kike mwaka 1991, na huyu wa kike alikwenda Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi, akaolewa huko, akapata mtoto mwaka 2017.

Mjukuu huyo alikua hajui Kiswahili, na Jumapili moja ya Juni 2021, bibi alipomsemesha kwenye simu ya video, mtoto aliogopa maneno asiyoyaelewa, akakimbilia chini ya meza, asitoke hata kwa kubembelezwa, na binti akaomba radhi kwa aibu, lakini Mama alimkatiza kwa upole: "Mwanangu, mtaka cha mvunguni huinama, na anayetaka ni mimi."

Kesho yake akaanza kujifunza Kijerumani, na kwa kuwa masomo ya watu wazima yalimshinda, jirani fundi simu alimwekea video za nyimbo za watoto, akawa anazibadilisha kila wiki bila kuombwa, na kazini msimamizi alizima mashine ya kukaushia saa ya chakula ili Mama asikie vizuri, huku wenzake wakimtania kwamba siku hizi shuka hazinyooki bila Kijerumani, na mumewe akinung'unika kwamba yeye alioa mke mmoja, mbona sasa amefunguliwa chekechea jikoni.

Tatizo likawa kwamba kila neno alilipata ndani ya wimbo, na nje ya wimbo halikutoka, hivyo Oktoba, alipotaka kumwambia mjukuu kwamba anamshonea gauni la njano, njano ikamgomea, ikabidi aanze wimbo wa rangi tangu mwanzo, nyekundu, kijani, buluu, akakwama hapo, mpaka kule Ujerumani, chini ya meza alikokuwa bado anajificha kila Jumapili, kisauti kikaitaja rangi iliyofuata, kikafuatiwa na kichwa, kisha mtoto mzima, wakaimba wote wawili hadi rangi zikaisha.

Tangu hapo mtoto alimsubiri kila Jumapili, akamsahihisha kwa ukali wa mwalimu mkuu, akadai na yeye afundishwe maneno ya kwetu, na Mama hakuwahi kuringia kitu maishani, ila hilo aliliringia sana.

Februari 2024 aligundulika ana uvimbe kwenye ini, akafanyiwa upasuaji Aprili, akarejea nyumbani Juni akiwa dhaifu, na tarehe 29 binti yake aliwasili na mjukuu, ambaye alipoona nyuso ngeni zimejaa uani alijificha nyuma ya begi, ndipo Mama, kitini pake, kwa sauti iliyobaki kidogo, akamwambia kwa Kijerumani, kwa mara ya kwanza bila kuimba: "Njoo kwangu, mjukuu wangu." Mtoto akaja, na siku zote zilizobaki hakuondoka ubavuni pake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama mzazi wao, wenzake wa chumba cha kufulia waliokuja kwa zamu kumfulia yeye, jirani fundi simu, na majirani wote mliopika, mliochota maji na mliokaa nasi kimya.

Mama, umeinama vya kutosha, sasa nyoosha mgongo upumzike kwa amani.

Binti yake anarudi kazini Jumamosi, na mjukuu ameomba mwenyewe abaki nasi hadi shule zao zifunguliwe.