Wasifu wa Kou Qiulan, Ambaye Wengi Mlimwita Gaizhen

Ndugu, majirani na nyote mliofika katika ua huu wa ukoo wa Tian, asanteni. Wasifu huu unasomwa na binti mkubwa wa marehemu, Tian Suwen, na unasomwa kabla jeneza halijapigwa misumari, kwa sababu lipo jambo halijaisha. Mkisikia hasira humu, ni ya marehemu mwenyewe. Suwen ameirithi tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1953 katika kijiji cha Shigou, mkoani Shanxi, akiwa binti wa tatu wa Mzee Kou Defu. Mzee alipoambiwa ni msichana tena, hakuingia hata kumtazama. Alisema akiwa kizingitini, "Mwiteni Gaizhen." Gai ni kubadili: safari ijayo mambo yabadilike, aje wa kiume. Zhen, yaani kitu cha thamani, ilibandikwa nyuma ili jina lisikike vizuri. Vijiji vyetu vimejaa akina mama wenye majina ya namna hiyo na hakuna anayeshtuka. Basi mwaka 1955 akazaliwa Kou Chengye, wa kiume, na kijiji kizima kikasema jina limejibu. Wajawazito wakawa wanamwazima Gaizhen aje awashike tumbo. Marehemu alisimulia kwamba alipewa peremende mpaka meno yakaoza, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaendeleaje.

Alianza shule Septemba 1961. Zamani zile mtoto akiingia darasani mwalimu alimpa jina la shule, na Mwalimu Shen, mama mmoja aliyeletwa kutoka mjini, alimwita Qiulan, okidi ya vuli, kwa kuwa alizaliwa majira hayo. Alimweleza kwamba wazee wa kale waliipenda okidi kwa sababu huota korongoni na kunukia hata pasipo na mtu wa kuinusa. Mtoto akarudi nyumbani mbio.

"Baba, naitwa Qiulan."

Mzee Kou alikuwa anakula, wala hakuinua macho. "Hukohuko shule. Hapa ukiitwa Gaizhen, itika."

Mwaka 1965 aliachishwa masomo ili abaki kulisha nguruwe, Chengye aendelee kusoma. Tangu hapo lile jina hakuna aliyelitumia, ila yeye mwenyewe, kimoyomoyo.

Kuanzia mwaka 1972 hadi 2003 alifanya kazi katika kiwanda cha siki cha wilaya, akigeuza mtama uliochachuka kwa koleo, hadi akawa msimamizi wa chumba cha kuchachushia. Mikono yake ilinukia siki hata sikukuu ya Mwaka Mpya, na wanawe walimtania kwamba jiaozi, zile sambusa za kuchemsha ambazo huliwa kwa kuchovywa kwenye siki, alizozikunja yeye hazihitaji kuchovywa popote.

Tarehe 1 Mei 1974 aliolewa na Tian Baoshan, fundi wa matrekta, ambaye alitangulia mbele ya haki mwaka 2016. Hata hapo jina lilimtangulia. Mshenga alimnadi kama mbegu bora: "Huyu ndiye aliyemleta mdogo wake. Mchukueni, wajukuu wa kiume ni hakika." Akamzaa Suwen, kisha Yining. Mama mkwe akasema, "Tumeuziwa jina bovu," na akaamuru kichanga kiitwe Gaiqin, tubahatishe tena. Marehemu alikuwa bado yuko kwenye kitanda cha uzazi. Akamjibu, "Mama, huyu hakutumwa kumwita mtu. Amekuja mwenyewe." Mzee Baoshan, Mungu amrehemu, alitoka nje akajifanya anatengeneza baiskeli nzima, lakini jina alilokwenda kuandikisha ni lile alilolitaka mkewe.

Mwaka 2013 marehemu alitaka kulirudisha jina la Qiulan kisheria. Aliambiwa aje na ndugu wa damu athibitishe kwamba ni mtu yuleyule. Aliyebaki ni mmoja, Mjomba Chengye, na Mjomba akakataa.

"Dada, jina hilo ndilo lililonileta duniani. Ukilifuta, mimi nibaki nani?"

"Utabaki Chengye. Mimi ndiye sijawahi kuwa mtu."

"Baba ndiye aliyelitoa. Wewe nani wa kulitengua?"

"Baba amekufa, Chengye."

"Ndiyo maana siwezi kumuuliza."

Na si kwamba Mjomba hakumpenda. Makaa ya mawe ya kila baridi alileta yeye. Hospitalini alilala sakafuni. Lakini amemla ng'ombe mzima, mkia umemshinda, na inaudhi, jamani, inaudhi kweli.

Novemba 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Wauguzi wakimwita Kou Gaizhen alinyamaza tu, hadi Yining amguse bega. Alifariki nyumbani tarehe 3 Machi 2024, akiwa na miaka sabini. Aliagiza jiwe la kaburi liandikwe Qiulan. Mjomba aliposikia, alisema litaandikwa jina kama baba yao alivyolitoa, au hatalikubali.

Ameacha mabinti wawili, Suwen na Yining. Mkwe mmoja, Lu Jianbin. Mjukuu mmoja, Lu Keyi. Na mdogo wake, Kou Chengye, aliyekaa pale mbele kwenye kiti cha watu wa kwao.

Mjomba, mila ni yetu sote. Mwanamke akifa, jeneza halifungwi mpaka kwao waridhie, na nyundo ya kwanza ikishuka, ndugu yake wa kiume ndiye humwita kwa jina akwepe misumari. Fundi yuko tayari. Jiwe tutaligombania siku nyingine. Leo ukimwita Gaizhen, ataitika, kwa kuwa alifundishwa kuitika. Mwite Qiulan.

Tunakungoja, Mjomba. Akishaitwa, ndipo apumzike kwa amani.