Jina Lililotajwa Kaburini

Wilhelmina, binti wa Damiani na Matilda, alizaliwa Maneromango tarehe 3 Machi 1919. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, akawa mwalimu. Alikuwa akisoma kitabu hata anaposonga ugali, na ugali wake ulijulikana kwa kuungua upande mmoja.

Mwaka 1937, akifundisha Kisarawe, alipendana na Twalibu bin Mwinjuma, fundi cherehani wa Mlandizi. Huku kanisa, kule msikiti. Wazee wa pande zote mbili walikataa, nao wawili wakatii. Mwaka 1940 alifunga ndoa na Mwalimu Raphaeli, wakahamia Kibaha, wakajaliwa Lucian na Paskalia. Raphaeli alifariki mwaka 1949.

Katika ujane wake aliandika riwaya ya mapenzi yale, ikachapwa mwaka 1952. Alibadili majina, na ili Twalibu asitambulike, alimfisha kitabuni. "Maiti haulizwi maswali," alisema.

Mwezi Mei mwaka huu wa 1956, watu wa filamu walikuja Kisarawe kuipiga picha hadithi hiyo. Marehemu Wilhelmina aliwachagulia kanga na kofia za miaka ile. Kwa mazishi ya kijana wa hadithi walichimba kaburi la kweli, wakaajiri wanakijiji waje kulia. Mmoja wao alikuwa Mwanaasha, dada yake Twalibu.

"Wifi," alimwambia, maana hakuacha kumwita hivyo, "tunamlilia nani? Mwenyewe nimemwacha Mlandizi anatafuna muhogo."

Wakacheka. Kisha Mwanaasha akachungulia shimo. "Leo leo uzikwe mgomba humo mahali pa maiti. Kaburi likichimbwa halilali tupu."

Mkuu wa filamu aliagiza lisiguswe, kazi haijaisha. Marehemu aliona haya kubishana naye.

"Ni mchezo tu, wifi."

"Na shimo linajua?"

Mvua ilinyesha siku sita, kaburi likabaki wazi. Siku ya saba ikaja habari kwamba Twalibu ameanguka kwenye cherehani yake, hasemi. Wilhelmina alikata mgomba, akauvika sanda ya bafta, akauzika kwa mikono yake. Mwanaasha alimkuta akishindilia udongo.

"Umeliambia kaburi ni la nani?"

"Langu. Kitabu nimeandika mimi."

Mwanaasha aliketi kwenye matope.

Twalibu aliinuka kesho yake. Jumapili iliyofuata marehemu alianza kutetemeka. Daktari aliandika homa ya mapafu, na familia haina neno jingine la kuongeza. Kila asubuhi aliuliza, "Mlandizi hawajambo?" Akijibiwa hawajambo, ndipo alipokunywa uji. Alifariki nyumbani Kibaha tarehe 21 Juni, saa tatu asubuhi. Ni yeye aliyeagiza haya yasomwe mbele yenu.

Ameacha mama, Bibi Matilda, na watoto wawili, Lucian na Paskalia. Filamu bado haijaonyeshwa. Bwana Twalibu yuko nasi hapa, pamoja na mkewe. Ni mzima.

Bwana ampe Wilhelmina pumziko la amani.