Kamba za Wodi ya Nyuma

Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu wa Makao ya Wazee, Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, wauguzi na wahudumu wenzangu, ndugu na jamaa wa wazee wetu, wageni wote mlioitikia mwaliko, na mwisho kabisa ninyi wazee wangu wa Wodi ya Nyuma, mliopangwa ukutani kule kama viti vya akiba.

Karatasi niliyopewa inasema niwasalimu kwa mpangilio huo, nami nimeusoma neno kwa neno ili mtu asije akasema sista kazeeka, itifaki imempita kando. Sasa nimeshaisoma, naiweka chini, naanza upya. Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za mchana.

Ndugu Mkurugenzi, usiwe na wasiwasi, naona unaitazama saa. Uliponikuta asubuhi kwenye korido uliniambia, "Dada, leo ni siku yako, tafadhali sema mazuri tu." Nikakujibu nitasema mazuri, na nitayasema. Ila naomba mlango ule wa upande ubaki wazi kama nilivyouacha. Dereva amejaribu kuufunga mara mbili, na mara mbili nimemkazia macho. Mnadhani nasikia joto. Basi, nadhanieni hivyo.

Nimefanya kazi katika makao haya miaka thelathini na mmoja. Nilikuja na kiuno chembamba na sauti nyororo, na vyote viwili nimeviacha humu ndani. Wazee wananiita Viatu, kwa sababu viatu vyangu vya mpira hulia kwenye vigae, na mtu akiwa kitandani hunijua nikiwa bado mbali. Wapo walionitambua kwa viatu mpaka siku walipofariki, hali sura yangu na jina langu vilikuwa vimeshawatoka.

Shughuli ya leo ina mambo matatu, na yote mmeyaona kwenye ratiba mliyopewa mlangoni. Mimi naagwa. Keki inakatwa. Na kabla ya keki, Muuguzi Mkuu, yaani mimi, anatia sahihi yake ya mwisho kwenye fomu ya tathmini, ile pale mezani, kisha Mheshimiwa Mkaguzi anatukabidhi cheti cha Daraja la Kwanza na tunapigwa picha. Wageni wetu labda hamjui maana ya daraja hilo. Makao yakilipata, hayakaguliwi tena mpaka miaka mitatu ipite, na kila kitu kinabaki kama kilivyokutwa. Kwetu, kubaki kama kilivyokutwa maana yake ni wahudumu wawili kwa zamu, na wazee ishirini na wawili. Wagawanyeni wenyewe, kisha mniambie nani anageuzwa na nani anangoja.

Kwenye fomu ile kuna swali namba kumi na nne. Linauliza hivi: "Je, kila mkazi anaweza kuita msaada akiwa kitandani?" Pembeni pana alama ya Ndiyo. Mheshimiwa Mkaguzi aliiweka wiki iliyopita, na simlaumu hata kidogo, maana alipita chumba kwa chumba na kuona kwa macho yake kamba ya kengele ikining'inia kando ya kila mto. Hata alivuta moja, ikalia, tukacheka wote. Mheshimiwa, ulichokiona ni kweli. Kamba zilikuwepo. Nilizishusha mimi mwenyewe jana yake, baada ya chakula cha mchana.

Ndiyo, nilizishusha, kwa sababu siku nyingine zote zilikuwa juu. Juu ya kila kitanda palikuwa na msumari, pale mkono wangu unapokoma nikiunyoosha juu, na kamba ilizungushwa pale ikafungwa fundo. Mtu aliyelala haifikii. Ukaguzi ukitangazwa tunafungua, wakaguzi wakiondoka tunafunga. Hakuna aliyeliandika jambo hili popote, wala hakuna aliyelipigia kura. Lilianza siku moja kengele zilipolia kuanzia chai ya asubuhi mpaka saa nane, mmoja anataka maji, mmoja anataka kugeuzwa, mmoja anauliza leo ni siku gani, nami niko na mwenzangu mmoja tu na mikono yetu minne. Nikasema nizifunge kidogo, kwa leo tu, nipumue. Mnauliza nani aligundua ufundi huu? Msimtafute mbali. Amesimama mbele yenu na amevaa shada la maua shingoni.

Sasa nataka niwasifu watu wawili, maana siku ya kuagana haiwi siku ya kuagana bila sifa.

Wa kwanza yuko hapa. Bibi Karani, naomba wakusogeze mbele. Msukumeni taratibu, gurudumu la kushoto linang'ang'ania. Huyu alikuwa karani wa mahakama maisha yake yote ya kazi, na tangu aje kwetu hakuna aliyewahi kumdanganya akafika mbali. Alikuja akitembea. Asubuhi anazunguka bustani mara mbili, halafu anakuja kutuambia ua lipi limekauka na nani alipaswa kulimwagilia. Akikaa kwenye hicho kiti mnamwona mpole. Msihadaike.

Wa pili ni Fundi Saa wa chumba namba saba, jirani yake ukuta kwa ukuta. Hayupo hapa, ni mmoja wa wale kumi na sita wasioweza kuinuka. Alitengeneza saa za mkononi miaka arobaini, na mpaka leo ukimuuliza saa hakwambii "karibu saa tano", anakutajia na dakika.

Miaka mitatu iliyopita tulikaguliwa, tukapewa Daraja la Kwanza, tukala keki. Kesho yake nikapita kufunga kamba, chumba baada ya chumba. Nilipofika namba saba, Fundi Saa alikuwa bafuni. Nikasema nitarudi. Sikurudi, nikasahau. Katika makosa yote niliyofanya humu ndani, hilo peke yake ndilo ninalomshukuru Mungu kwalo.

Siku iliyofuata Bibi Karani alitaka kuita. Hakuwa na shida kubwa, miwani yake ilikuwa imeanguka chini ya kitanda, na bila hiyo hathubutu kutembea. Akanyoosha mkono, kamba iko juu. Akapanda kitandani kwa magoti, kisha akasimama juu ya godoro, mwanamke wa miaka themanini na mmoja, ili aifikie kamba ambayo mimi niliifunga. Akaanguka. Nyonga ikavunjika.

Akaita. Nami nilimsikia, ndugu zangu. Nilipita mlango wake mara tatu asubuhi ile, nimebeba nepi, nimebeba beseni, nimebeba dawa, na mara zote tatu nikasema bila kusimama, "Nakuja, bibi." Yeye alilala sakafuni akisikia viatu vyangu vikija, na akisikia viatu vyangu vikienda. Nilijitia hamnazo kwa sababu nilizoea. Ukisikia mtu anaita kila siku, masikio yanaota sugu.

Fundi Saa alimsikia kupitia ukutani. Akashika kamba yake, ile niliyoisahau, akaivuta na asiiachie. Ikalia mfululizo mpaka nikaingia chumbani kwake nimefura. Mnataka kujua neno la kwanza nililomwambia? Sikuuliza una nini. Nilimwambia, "Hii ya kwako nani aliiacha chini?"

Akanijibu kwa upole, "Sista, hilo tutalizungumza baadaye. Jirani yangu yuko sakafuni tangu saa tatu na robo. Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi."

Bibi Karani hakutembea tena. Na mimi, kwenye taarifa ya ajali, niliandika kwamba mkazi "aliteleza". Nikampelekea aweke sahihi. Akavaa miwani ile ile, akasoma mara mbili, kama alivyozoea kusoma mashtaka ya watu, halafu akanirudishia karatasi. "Mwanangu," akasema, "hili neno aliteleza limetoka kwa shahidi gani? Mimi nilikuwepo, wala sikuteleza." Nikamwambia bibi, ni utaratibu tu wa ofisi. Akasema, "Nitatia sahihi siku wewe utakapoandika yaliyotokea." Taarifa ile iko kwenye faili mpaka leo, haina sahihi yake, na miaka mitatu mizima hakuna mkaguzi aliyeuliza kwa nini.

Bibi, nimeandika. Asubuhi ya leo nimeandika upya, ukurasa mmoja na nusu, na jina langu liko juu na chini. Iko kwenye bahasha hii. Utaisoma kwa muda wako, na pasipo sawa utapakata kwa kalamu nyekundu.

Roho inaniuma, sitawaficha. Lakini sikupanda hapa ili nilie, mkanipa kitambaa, tukaendelea na keki. Wiki iliyopita, wakaguzi walipoondoka, niliambiwa nizirudishe kamba juu kama kawaida. Sikuzirudisha. Nikamwita fundi seremala, tukang'oa misumari. Iko kwenye mfuko huu, yote ishirini na miwili, ihesabuni mkitaka. Ndugu Mkurugenzi, umenipa zawadi nzuri ya saa ya ukutani, nami sitaki niondoke bila kukuachia yangu. Naiweka hapa, juu ya fomu.

Najua mtakachosema. Mtasema wiki hii nzima makao yamekuwa na kelele. Ni kweli. Wajumbe wawili wa Bodi wamelalamika kwamba kikao kilikatizwa na kengele. Sasa niwaulize, mlidhani ukimya wa miaka ile yote ulikuwa wa nini? Mlidhani watu ishirini na wawili hawana kiu? Mlidhani kazi yetu ni nzuri kiasi kwamba hakuna anayehitaji chochote kuanzia chai mpaka jioni? Mlitusifu kwa utulivu. Mheshimiwa, umeandika kwenye fomu, nanukuu, "mazingira tulivu ya kupendeza". Futa.

Nimeambiwa nisipotia sahihi sitapata barua ya utumishi mwema. Sawa. Nimeambiwa jina la makao litachafuka. Mwacheni mchafu aoge. Sitii sahihi leo, wala kesho mtakaponiletea nyumbani. Fomu isiyo na sahihi ya Muuguzi Mkuu inarudi kwa mkaguzi, na mkaguzi analazimika kukagua upya. Huo pia ni utaratibu wa ofisi, nimeusoma, ukurasa wa sita. Na safari hii, Mheshimiwa, usitume barua ya kutuarifu. Njoo siku usiyoitangaza, lala kwenye kitanda chochote cha Wodi ya Nyuma, vuta kamba, ungoje. Utajua mwenyewe cha kuandika kwenye namba kumi na nne, na utajua tunahitaji wahudumu wangapi.

Wahudumu wenzangu, siwaachii lawama hata chembe. Mmebeba mizigo ya watu sita kila mmoja. Lakini naomba mjitazame. Mko wangapi humu ukumbini? Mmeitwa wote, hata walio likizo, mmevaa sare mpya kwa ajili ya picha. Nani yuko Wodi ya Nyuma saa hii? Nimemwomba dada wa kufulia akae kwenye korido asikilize, maana hapana mwingine, na yeye haruhusiwi kumwinua mtu.

Ndiyo maana mlango uko wazi.

Tulieni kidogo. Mnasikia?

Hiyo ni namba saba. Naijua anavyoivuta, mara moja, anaachia, anangoja kwa adabu. Hapana, kaeni, wanangu, msihangaike. Zamu yangu inaisha saa kumi, na Fundi Saa atakuwa wa kwanza kuwaambia kwamba bado dakika arobaini.

Bahasha ni ya Bibi Karani. Fomu iko mezani, na kalamu naondoka nayo. Nimewashukuru ninyi nyote mlionisikiliza kwa muda huu wote. Sasa nipisheni njia, kuna mtu ameita, na nataka asikie viatu vikija.