Mzee Gonga Anatuachia Boti Zetu

Nimeombwa mimi kuandika haya kwa sababu karakana hii ya boti, tuseme ukweli, imesimama mabegani mwangu. Hata meneja hapaki rangi mlango wake bila kuniuliza. Lakini leo si zamu yangu. Ni ya mkaguzi wetu, Mzee Gonga, anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kugonga matumbo ya boti kwa nyundo ndogo na kusikiliza.

Alianza kama seremala, akapewa ukaguzi kwa sababu ya masikio yake. Boti aliyoipitisha ikiondoka, yeye husimama gatini mpaka irudi, uso umesawijika. Vijana humtania, "Mzee, kwani umeoa bahari?" Anahesabu vichwa vinavyoshuka.

Mwaka jana mpwa wangu alitaka kununua boti iliyotumika. Rangi mpya, injini inanguruma, cheti cha ukaguzi kina muhuri. Mimi, fundi rangi ninayejulikana pwani nzima, nikatoa baraka. Kesho yake angewapakia mkewe, mtoto wa kunyonya na mama mkwe.

Mzee Gonga akatazama tarehe ya cheti. Kilikuwa cha miaka mitatu nyuma.

"Na tangu hapo, mwanangu, boti ilikuwa imelala?"

Muuzaji akacheka, akacheka mno. Mzee akainama. Ko, ko, ko. Ko, ko. Kisha: pu. Akarudia. Pu. Muuzaji akasahau kucheka. Mzee akagusisha bisibisi tu, ikazama hadi kwenye mpini kama kwenye papai bivu. Mbao zilikuwa zimeoza. Kilichobaki kuzuia maji ni rangi.

Mpwa wangu akaketi juu ya ndoo. "Mjomba... mtoto." Nami, mdomo wote huu, nikabaki kuikwangua ile rangi kwa ukucha.

Mkaguzi mpya hajapatikana bado, na boti za mitumba zinaletwa kila wiki, zote zinang'aa. Jamani, kabla hamjanunua, boti ikaguliwe sasa hivi. Muhuri wa zamani hauelei.

Mzee Gonga, asante kwa kila kichwa kilichorudi nchi kavu. Tunakuombea mapumziko matamu, na usingizi wote ambao boti zetu zilikunyima. Namba ya simu tu usibadilishe, tafadhali. Juzi kwenye kivuko ambacho hukukikagua nilifumba macho safari nzima nimeng'ang'ania mkono wa mke wangu. Tulipofika, nikakuta ni wa mkata tiketi.